Makala ya pweza iliyokubaliwa kwa siku tatu

Barua ya jarida kukubali makala yake ilimfikia mwenzangu mmoja Jumanne asubuhi akiwa ndani ya gari ya Wete kuja Chake, na alipoingia ofisini kwangu bado simu alikuwa ameifungua pale pale.

"Shikamoo Maalim. Wamekubali!"

Nikaisoma. Ilianza kwa kumwita Mheshimiwa Profesa. Yeye ni mwalimu msaidizi, na wino wa shahada yake ya uzamili haujakauka. Ikaendelea kusema kwamba makala yake imepitiwa na wataalamu watatu wa kimataifa, wote wameisifu, hakuna la kurekebisha, na itatoka katika toleo la mwezi huu mradi alipe dola 150 kabla ya Ijumaa. Ikipita Ijumaa, ada inarudi kuwa 450. Makala yenyewe aliipeleka Jumamosi baada ya Isha. Yaani watu watatu waliipokea, wakaisoma, wakaiandikia ripoti, mhariri akakaa akaamua, na yote hayo yakamalizika kabla ya Jumanne kupambazuka.

"Ripoti za hao watatu ziko wapi?"

"Hawakuleta, Maalim."

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, bila jina lake wala la jarida. Kila ukikaribia msimu wa kuhuisha mikataba huja mmoja au wawili wenye barua kama hii, na wengi huja wakiwa wameshalipa. Yeye alikuja na fedha bado zipo. Dola 150 ni karibu laki nne, na baba yake alishamwambia atazitoa katika karafuu alizouza msimu ule. "Elimu ya mtoto ni deni," ndivyo alivyosema mzee. Hilo ndilo lililonifanya nifunge mlango tukae.

Kwanza, utafiti wenyewe, maana huwezi kumchagulia mtu jarida bila kujua ana nini mkononi. Kusini mwa Pemba kuna kijiji ambacho kamati yake ya wavuvi ilikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu, pweza asiguswe, kisha ukafunguliwa kwa siku moja inayojulikana. Mwenzangu huyu alikaa ufukweni bamvua kwa bamvua, karibu miaka miwili, na mizani ya kuning'iniza, akiwangoja kina mama warudi kuchokoa. Kila pweza alimpima, akamwandika jike au dume, akaandika na mwamba alikotoka. Swali lake ni moja: je, uzito unaopatikana siku ya kufungua unafidia miezi mitatu ya kukaa mikono mitupu?

Swali hilo lina ndugu zake. Pweza wa miamba yetu hukua haraka mno na umri wake ni mfupi, jike akishataga na kulinda mayai yake hufa, kwa hiyo hata kumwacha miezi michache huonekana kwenye mizani. Huko Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walianza kufunga mwamba mwaka 2004. Kisiwani Rodrigues, Mauritius, wakaanza 2012. Takwimu za Madagaska zilitoka katika jarida la PLOS ONE mwaka 2015, na hakuna anayeandika juu ya pweza ukanda huu bila kuzitaja. Binti huyu alikuwa na kitu cha kuongeza juu ya hayo. Hakuwa na makala ya kutupwa.

Tukafungua tovuti ya jarida lililomkubali. Nilimwambia aifungue kwa kuandika jina la jarida mwenyewe, asibofye kiungo cha kwenye barua, kwa sababu wako matapeli wanaonakili sura nzima ya jarida halali na kuweka anwani yao ya kulipia. Hili halikuwa limenakiliwa. Lilikuwa kishoka wa asili.

Ukurasa wa mbele ulikuwa na namba ya ISSN kwa herufi nene, na hiyo ndiyo iliyomtuliza yeye. ISSN ni kama namba ya gari: inakwambia gari imeandikishwa, haikwambii breki zinashika. Chini yake paliandikwa kipimo cha athari, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hutajwa na watafiti wengine: 7.8, kilichotolewa na taasisi ambayo kazi yake pekee, tulipoitafuta, ni kuyauzia majarida vipimo. Kisha tukaingia toleo la mwezi uliopita. Makala ya kwanza ilihusu meno ya watoto. Ya pili, nguvu ya zege. Ya tatu, sababu za talaka. Ya nne ilikuwa juu ya samaki, nikapata matumaini kidogo, tukaifungua. Katikati ya ukurasa wa sita paliandikwa kwa wino mwekundu, "jedwali liwekwe hapa", na jedwali halikuwapo. Hakuna jicho lililopita pale. Tukabofya namba ya DOI ya makala ile: haikwenda popote. DOI ya kweli imesajiliwa, ukiibofya inakufikisha kwenye makala hata kama jarida limehamisha tovuti. Hii ilikuwa ni tarakimu tu zilizopangwa zifanane.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema neno ambalo kila mmoja hulisema: "Lakini Maalim, wengine wamechapisha humo na wamepanda daraja."

Ni kweli, wamepanda. Sina la kumficha.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipa. Ilikuwa 2013, jarida lina jina refu lenye neno "kimataifa" ndani yake, na makala yangu ikatoka kwa wiki mbili. Leo ukibofya anwani ile inakupeleka kwenye tovuti ya kamari. Jarida halipo, makala haipo, na siwezi kuipeleka kwengine kwa kuwa nilisaini karatasi ya kuwapa haki zote na nilishaiandika kwenye wasifu wangu kama kazi iliyochapishwa. Mwaka huo huo John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi, alitoa katika jarida la Science taarifa ya mtego alioutega: alitunga makala ya uongo juu ya dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki makini angeyaona, akaipeleka kwa majarida huria 304, yale ambayo msomaji halipi kuyasoma. Majarida 157 yaliikubali, 98 yakaikataa. PLOS ONE ni miongoni mwa yaliyoikataa. Waandishi wa uongo aliwapa majina na vyuo vya Kiafrika alivyovibuni, jambo ambalo mpaka leo linanichoma kidogo. Lakini mtego ule una upungufu wake: aliwapelekea majarida huria peke yao, hakuyajaribu yale ya kulipiwa na msomaji, kwa hiyo hauwezi kutumika kusema kwamba huria maana yake ni takataka. Wako wakubwa wetu wanaoutumia hivyo, na ndio hao hao wanaoomba watumiwe makala kwa WhatsApp kwa sababu chuo hakina fedha za kununua majarida.

Huria ni mpango wa nani alipe. Tamko la Budapest la 2002 lilisema msomaji asilipe, na gharama za kuhariri na kutunza tovuti hazikupotea, zilihamia kwengine. Mara nyengine hubebwa na chama au chuo, mwandishi asitozwe kitu. Mara nyengine hutozwa mwandishi. PLOS ONE ilipoanza 2006 ilitoza dola 1,250, na sasa imepita 2,000. Jarida la Nature lilipofungua mlango wa huria Januari 2021 liliweka euro 9,500, fedha ambayo huku kwetu ni dau na mashine yake. Kwa hiyo kutoza ada si dalili ya utapeli. Kishoka mara nyingi hujulikana kwa urahisi wake: dola 150, na Ijumaa ndiyo mwisho, kama mchuuzi wa Darajani anayekwambia ukiondoka ukirudi bei si hii.

Sasa palikuwa na kazi chafu ya kufanya kwanza. Makala ilikuwa mikononi mwao, na haifai kupeleka makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, hata kama moja ni la kihuni. Bahati yake ni kwamba hakuwa amesaini fomu ya haki miliki wala kulipa. Tukaandika barua fupi ya kujitoa: ninaondoa makala yangu, sikupokea ripoti ya uhakiki, sikusaini makubaliano yoyote, sikubali ichapishwe. Nilimwambia asitukane na asieleze sana. Jibu lilikuja baada ya saa moja, haraka kuliko hata uhakiki wao: kujitoa kuna ada yake, dola 100, na asipolipa watamripoti kwa mwajiri wake.

Hapo alitetemeka. Nikamwambia wamripoti kwa kosa gani? Kwamba hakulipa? Akaijibu mara moja tu, akirudia maneno yale yale, akahifadhi nakala za barua zote kwenye faili moja, kisha hakujibu tena. Walituma vitisho vingine vitatu, kila kimoja bei inapungua. Cha mwisho kilikuwa dola 40. Kisha wakanyamaza. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiangalia tovuti yao kila asubuhi kuona kama wameitoa kwa nguvu, maana wapo wanaofanya hivyo. Hawakuitoa.

Baba yake naye alipigiwa simu, akaambiwa fedha za karafuu abaki nazo.

Yalibaki majarida ya kweli, na hapa ndipo shauri lilipokuwa gumu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kumkimbia tapeli ni rahisi ukishamwona. Kuchagua kati ya waungwana wawili ndiko kunakoumiza kichwa.

Yeye alitaka PLOS ONE. Nilimwelewa: makala ya Madagaska ilitoka huko, na huko hawaangalii kama matokeo ni ya kushangaza, huangalia kama kazi imefanywa sawasawa. Leseni yao ni CC BY, ambayo inamruhusu yeyote kuitafsiri na kuisambaza mradi amtaje mwandishi. Hilo la tafsiri tulilizungumza sana, maana waliochokoa pweza wale hawasomi Kiingereza, na alikuwa ameiahidi kamati kwamba atawarudishia matokeo kwa Kiswahili barazani kwa sheha. Kuna leseni nyengine zinazoitwa huria ambazo hairuhusiwi kutoa kazi nyengine kutokana na makala, na tafsiri inahesabiwa humo. Watu husaini bila kusoma, kisha wanajikuta wanaomba ruhusa ya kutafsiri maneno yao wenyewe.

Tatizo lilikuwa ada. Kuna misamaha, lakini misamaha inafuata orodha, na orodha ziko mbili. Julai 2020 Benki ya Dunia iliihamisha Tanzania kutoka nchi za kipato cha chini kwenda kipato cha chini-kati: pato la mtu kwa mwaka lilikuwa limefika dola 1,080, na mstari ulikuwa 1,036. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini wapo wachapishaji wanaotoa msamaha kamili kwa kundi la kwanza na nusu tu kwa kundi la pili, kwa hiyo kwa tofauti ya dola 44 mwandishi wa Pemba aliamka siku moja akadaiwa nusu ya ada kubwa. Orodha ya pili ni ya Research4Life, mpango unaofungulia vyuo vya nchi maskini majarida ya kulipia, na humo Tanzania imebaki Kundi A, kwa kuwa Umoja wa Mataifa bado unaihesabu miongoni mwa nchi zilizo nyuma kimaendeleo. Wachapishaji wengine hufuata orodha hii. Wengine huangalia nchi ya mwandishi anayeshughulikia mawasiliano, wengine huuliza fedha za utafiti zilitoka kwa nani. Msimamizi wake wa tasnifu yuko Ulaya. Wangemweka yeye kuwa wa mawasiliano, kama alivyopendekeza kwa nia njema, msamaha ungeweza kupotea hapo hapo. Na msamaha huombwa siku ya kuwasilisha. Ukisubiri makala ikubaliwe ndipo uombe, jibu mara nyingi ni pole.

Mimi nilikuwa na fikra nyengine, nikamuuliza: "Mwanangu, unataka nani aisome?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Idara ya uvuvi. Wanaosaidia kamati za vijiji. Wenzake wa Kenya, wa Msumbiji, wa Rodrigues. Hao wote wanasoma jarida moja, na jarida lenyewe lina kwao hapa hapa Zanzibar: Western Indian Ocean Journal of Marine Science, la chama cha wanasayansi wa bahari cha ukanda huu, WIOMSA, kilichoanza 1993. Jarida linatoka tangu 2002. Ni huria, lina uhakiki wa kweli, mwandishi hatozwi. Limo pia katika maktaba ya mtandaoni ya majarida ya Afrika, AJOL.

Alikunja uso. Aliona kama namwambia abaki nyumbani.

Nakiri kuna hoja upande wake. Jina la PLOS ONE linafahamika hata kwa mtu asiyejua bahari ina rangi gani, na ombi la udhamini wa shahada ya uzamivu husomwa na watu wa namna hiyo. Jarida la ukanda pia lina mwendo wake, hulazimishi. Lakini korido za ofisi yake zilikuwa zimemjaza hofu kwamba kamati ya kupandisha haitambui jarida lisilo na kipimo cha athari. Nikamwambia aende akaombe mwongozo wenyewe kwa maandishi, aache maneno ya korido. Akaja nao siku ya pili. Unadai jarida linalotambulika, lenye uhakiki wa wataalamu. Basi. Kipimo cha athari hakimo, hata kwa bahati mbaya.

Tuliliangalia pia katika DOAJ, saraka ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, mwaka 2003. Saraka hiyo mwaka 2016 iliyaondoa majarida kama 3,300 yaliyoshindwa kuomba upya kwa masharti mapya, kwa hiyo aliyekwambia miaka kumi iliyopita kwamba jarida fulani limo, nenda ukaangalie leo. Kutokuwamo nako si hukumu; jarida dogo la chuo linaweza kukosa mtu wa kujaza fomu tu. Nilimtaka azoee kwenda kuangalia mwenyewe, asingoje kuniuliza mimi.

Aliamua jarida la ukanda. Sikumlazimisha, ingawa sitasema sikumsukuma. Katika barua kwa mhariri tuliweka mistari mitatu: makala hii ilipelekwa kwa jarida fulani, ikaondolewa kwa maandishi tarehe fulani, haikuchapishwa, na nakala za barua zipo zikihitajika. Aliona haya kuiandika. Nikamwambia haya hiyo ni ya leo tu. Likigundulika baadaye bila kusemwa ndipo linapokuwa kosa.

Ikapita miezi. Alinipitia mara mbili kuuliza kama awasumbue, nikamwambia mara moja kwa adabu inatosha. Kisha likaja jibu: marekebisho makubwa, na ripoti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya lugha na michoro, ukurasa mmoja. Ya pili ilikuwa kurasa nne, na katika ukurasa wa tatu kulikuwa na sentensi moja aliyonisomea kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyemwagiwa maji baridi. Mhakiki alikuwa akiuliza: pweza walipimwa kabla ya kutolewa utumbo au baada?

Kwenye makala hakuandika. Na alipofikiri, hakuwa na hakika. Akampigia mmoja wa kina mama wa kule kijijini, mtu mzima aliyemzoea.

"Mwanangu, siku ya kufungua nani ana nafasi ya kutoa utumbo?" bibi yule akamwambia. "Watu wamejaa mwambani, kila mtu anakimbilia yake, tulikuleteeni hivyo hivyo. Siku nyengine ndio, tunawasafisha huko huko, tunarudi nao wepesi."

Maana yake sehemu ya uzito wa siku ya kufungua, ule uliofanya jedwali lake la nne lipendeze, ni utumbo.

Alirudi kwenye madaftari. Katika yale ya mwaka wa kwanza kuna safu ndogo pembeni aliyoiandika mwenyewe na kuisahau, herufi S kwa aliyesafishwa. Katika yale ya mwaka wa pili safu hiyo haipo. Kwa hiyo itabidi apate kiwango cha kurekebishia: achukue pweza wakubwa kwa wadogo, awapime wakiwa wazima, kisha wasafishwe mbele yake awapime tena, aone utumbo unachukua kiasi gani cha uzito. Mhariri amempa siku 60. Bamvua lijalo linaangukia Alhamisi, na ameshaazima mizani ya pili.